Wakala wa dalali wa hisa Tanga: soko liko wazi, mimi naambiwa limefungwa

Niseme haki kwanza: Soko la Hisa la Dar es Salaam halijanikosea kitu. Aliyenikosea ni kijana wa ofisi ya wakala wa dalali hapa Tanga mjini, na mpaka leo nikipita mtaa ule damu inanichemka.

Nina hisa za CRDB tangu benki ile ilipoingia sokoni mwaka 2009. Juzijuzi nikataka kuuza kiasi, binti yangu alipiwe ada ya chuo. Ilikuwa asubuhi, katikati ya wiki, wala si sikukuu. Naingia, shikamoo sipewi, kiti sionyeshwi, kijana macho kwenye simu. Namweleza shida yangu, ananijibu bila kuinua kichwa: "Soko limefungwa, mama. Njoo wiki ijayo."

Limefungwaje? Soko hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, likapumzika Jumamosi, Jumapili na sikukuu za serikali. Nilipomwambia hivyo akacheka. "Bi mkubwa, mambo ya hisa hayo ya Dar, hutayaweza." Mbele za watu! Mji huu huu, kiwanda chetu cha saruji cha Pongwe hisa zake ziko sokoni tangu 2002, leo mtu wa Tanga aambiwe hisa hatuziwezi?

Na hasara yake si ya maneno tu. Hisa huendi nazo dirishani ukahesabiwa pesa. Dalali mwenye leseni anaingiza oda yako kwenye mfumo, hisa ngapi na kwa bei gani, mfumo unaikutanisha na mnunuzi wa bei hiyo. Wauzaji wa bei moja wakiwa wengi, aliyetangulia kuingiza ndiye anayeuziwa kwanza. Zikishauzwa bado unangoja siku kadhaa za kazi ndipo pesa ifike. Kunirudisha nyumbani ni kunitoa kwenye foleni, na chuo hakisubiri.

Nikapiga simu makao makuu ya dalali wao, Dar. Akapokea dada mmoja, Mungu ambariki. Kanisalimia vizuri, kanithibitishia soko liko wazi na watu wanauziana saa ile ile, kanielekeza fomu ya kujaza. Hisa zikauzwa, ada ikalipwa. Kwa ajili yake nilishaamua kuwasifu, nikasema labda kijana aliamka vibaya.

Nikarudi pale kuchukua karatasi ya mauzo. Kijana yule yule: "Si umeuza? Kelele zote zile za nini?"

Basi. Siwasifu tena, na msiende. Dada wa Dar ni mtu mwema, lakini sisi wa Tanga hatuhudumiwi na yeye. Hisa zangu zilizobaki ziko kwenye hifadhi ya dhamana, yaani daftari kuu la kielektroniki la wenye hisa, kwa jina langu mwenyewe, si mali ya dalali, na kuhamia kwa dalali mwingine ni haki yangu. Fomu nimeshaijaza.