Darasa la afya la kijijini Kongwa: somo zuri, mapokezi ya kuchukiza

Mpango huu wa elimu ya afya kwa jamii simshauri mtu yeyote ampeleke mzazi wake, na ninayasema haya nikiwa bado na hasira, ingawa mambo yenyewe yalitokea baada ya mavuno na sasa watu wameshaanza kusafisha mashamba kwa ajili ya msimu mwingine. Jina la mpango sitalitaja. Ni ule ambao wahudumu wake hufika na gari hadi ofisi ya kijiji, hupima presha na sukari bila malipo, kisha huwafundisha watu wazima somo moja la afya. Kwenye bango lao wameandika kwamba elimu haina mwisho, na ni maneno hayo yaliyonifanya nitoke Dodoma mjini kwenda kumchukua shangazi yangu ili ahudhurie.

Shangazi amevuka miaka sabini na hajui kusoma wala kuandika. Mezani tulimkuta kijana mwenye kishikwambi na daftari la mahudhurio. Hakumwamkia. Shangazi ndiye aliyeanza kusalimia, kwa Kigogo, "Mbukwa", jambo ambalo kwa umri wake hakupaswa kulifanya kwanza, na kijana hakuitikia ila alimsogezea kalamu na kumwambia atie saini. Shangazi alipomwonyesha dole gumba, kijana alisema kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni: "Bibi, hili ni darasa. Kama hata jina lako huwezi kuliandika, utajifunza nini? Kaa pale nje, tukimaliza utapimwa presha."

Nilimwambia kwamba mimi ningemwandikia jina naye aweke dole gumba. Akajibu kwamba orodha inakwenda kwa wafadhili, kwamba jina lisilo na saini halihesabiwi, na kwamba wino wa dole gumba hawakuja nao. Benki wanaipokea alama ya kidole, hati za mauziano ya mashamba zinaipokea, lakini darasa lililokuja kwa ajili ya watu wa kijijini haliipokei.

Aliyeambiwa kwamba hawezi kujifunza ni mtu aliyejifunza maisha yake yote kwa masikio. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, alikuwa msichana aliyekaa na wenzake kuizunguka redio, mmoja wao akiwasomea kijitabu kwa sauti, kisha wakijadiliana na kukubaliana kazi ya kufanya. Karibu watu milioni 2 nchini walishiriki vikundi vya namna hiyo, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuingia darasani. Hakuna aliyewaambia wakae nje mpaka wajue kuandika, kwa sababu redio na kikundi viliwekwa makusudi ili asiyejua kusoma asipitwe. Walichimba vyoo, walifukia madimbwi, na hadi leo shangazi anaweza kukueleza kichocho kinavyompata mtu aliyeingia kwenye maji yaliyotuama. Anaeleza vizuri kuliko mimi niliyesoma.

Tulikaa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi. Nilitaka tuondoke, yeye akakataa, akasema sauti inatoka vizuri. Na hapa lazima niseme ukweli ambao unaivuruga hasira yangu: somo lile lilikuwa zuri sana. Lilihusu vikope (trakoma), ugonjwa wa macho ambao Kongwa inaujua kuliko wilaya nyingi, kiasi kwamba watafiti waliufuatilia huko kwa miaka mingi. Muuguzi aliyefundisha alieleza kwamba maambukizi hupita kwa mikono, kwa kanga moja inayofuta nyuso za watoto wote, na kwa inzi; kwamba mtu akiambukizwa mara kwa mara tangu utotoni, kope huota makovu upande wa ndani, likajikunja, na nywele zake zikaanza kukwaruza mboni mpaka giza linaingia; na kwamba wanawake hupofuka hadi mara 4 zaidi ya wanaume, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto. Kisha akachota maji kikombe kimoja tu, akawanawisha watoto watatu nyuso mbele ya mama zao, maji yakabaki. Kwa kijiji ambacho maji hubebwa kwa ndoo kutoka mbali, kikombe kile kilikuwa jibu la kila anayesema hana maji ya kunawia.

Akauliza inzi huyo huzaliwa wapi. Ndani walikaa kimya. Shangazi akajibu kutoka nje, kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibu kwenye kikundi, kwamba huzaliwa kwenye kinyesi kilichoachwa vichakani, na kwamba akikosa kinyesi cha juu ya ardhi, choo cha shimo kikiwa kimefunikwa, hapati pa kutagia.

Muuguzi alitoka mwenyewe. Alisema, "Shikamoo mama," akauliza kwa nini tuko nje, na nilipomweleza hakubishana wala hakumtetea mwenzake. Alimwangalia shangazi usoni kwa muda, akanawa mikono, akawasha tochi, akalikunja kope la juu taratibu kwa kidole. Nilikuwa sijui kwamba kwa miaka shangazi alikuwa aking'oa nywele za kope zake kwa kibano kila zinapochoma. Muuguzi alimweleza kwamba zikiota upya huwa fupi na ngumu na hukwaruza zaidi, kwamba upasuaji hufanywa kwa ganzi na mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, kisha akamwandikia barua ya rufaa papo hapo.

Ameshafanyiwa. Jicho halichomi, na hakuna kibano tena chini ya mto. Kwa hiyo niliposema mwanzoni kwamba simshauri mtu, naliondoa neno hilo: pelekeni wazazi wenu, kwa sababu muuguzi yule ana ujuzi na adabu, na kama huduma ile isingefika kijijini mwezi huo, pengine shangazi angekuwa kipofu.

Lakini naliondoa kwa shingo upande, maana sifikirii shangazi peke yake. Katika foleni ile niliwaona kina mama wawili wazee waliosikia maneno ya kijana, wakajitanda kanga zao na kugeuka kurudi nyumbani bila kufika mezani. Hakuna aliyewaangalia macho yao. Nilipowapigia simu wasimamizi wa mpango walinijibu kwa upole kwamba mahudhurio yalikuwa mazuri, nao walikuwa wakihesabu saini.

Nimewaomba mambo mawili: kidau cha wino kiwepo mezani, na muuguzi ndiye apokee watu. La kwanza wamelikubali, la pili bado wanalijadili. Shangazi anasema atarudi wakija tena, kwa kuwa somo linalofuata ni la sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga, na anataka kulisikia. Nitampeleka, na safari hii hatutakaa benchi la nje.