Programu ya muziki kwenye kompyuta: ipi ununue kama sauti ndiyo unayoijali

Kwa wiki tatu niliamini nimeipata. Nilikuwa nimelipia programu mpya ya kuchezea muziki, na kila nilipoipambanisha na ile ya bure niliyoizoea, mpya ilishinda: besi iliingia ndani zaidi, mwimbaji akasogea mbele, matoazi yakapata uhai. Kisha jioni moja nikarekodi, ndani ya kompyuta yenyewe, kinachotoka katika kila moja kwa wimbo uleule, nikayapanga mawimbi mawili kwenye skrini, moja juu, jingine chini. Yalikuwa na umbo moja. Kila mlima na kila bonde vilikaa mahali pake, ila yale ya programu mpya yalikuwa marefu kidogo. Nikapima: desibeli 1.5. Ile ya bure nilikuwa nimeiwashia ReplayGain, ule mfumo wa kusawazisha ukubwa wa sauti kati ya albamu na albamu, nayo ilikuwa ikipunguza kimyakimya. Nikauzima, nikamwomba mdogo wangu awe anabadilisha programu bila kuniambia ipi inacheza. Sikuweza kuzitofautisha.

Sikio hupenda kilicho na sauti kubwa zaidi. Tofauti ikiwa ndogo, hatuisikii kama ukubwa. Tunaisikia kama uwazi, kina, ukaribu. Ndiyo maana kauli yangu naitoa mapema: programu mbili zilizopangwa vizuri, zote zikafikisha biti zilezile kwenye DAC yako (kifaa kinachogeuza tarakimu kuwa sauti), zinatoa sauti ileile. Unacholipia ni urahisi wa kufika hapo, pamoja na zana za kuibadilisha sauti kwa makusudi pale unapotaka kuibadilisha.

Sauti huharibikia wapi

Si kwenye kufungua faili. Chukua FLAC, aina ya faili inayobana muziki bila kupoteza chochote, ambayo imekuwepo tangu 2001. Ndani ya faili ya FLAC kwa kawaida huwekwa alama ya MD5, yaani namba ya utambulisho iliyokokotolewa kutoka kwenye sauti ya asili kabla haijabanwa. Programu ikifungua faili na ikakosea hata biti moja, alama haitalingana. Hakuna namna ya kufungua FLAC "kwa utamu zaidi": ama umepata tarakimu zilezile, ama umekosea. Kwa hiyo mtu akikuuzia programu kwa maelezo kwamba inafungua faili kwa ustadi wa kipekee, mwache apite.

Mambo huharibika njiani, kati ya programu na DAC. Kwenye Windows, sauti ya kawaida hupita kwanza kwenye mikisa ya mfumo, ili mlio wa barua pepe, video na muziki wako viweze kusikika pamoja. Mikisa hiyo ina kiwango kimoja cha sampuli (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) kilichowekwa kwenye mipangilio, na mara nyingi ni kilohezi 48. Albamu uliyoinakili kutoka CD ni kilohezi 44.1. Ili zilingane, kila sampuli 147 lazima zigeuzwe ziwe 160, na zote zikokotolewe upya. Hesabu hiyo siku hizi hufanywa vizuri kuliko enzi za Windows XP, lakini biti zako zimeshabadilika. Zaidi ya hapo, albamu iliyopandishwa hadi kilele hukutana na kibanio cha mfumo kinachogusa vilele vyake. Mac nayo ina Core Audio inayogeuza kila kitu kifuate kiwango ulichokiweka, na Linux ina PipeWire au PulseAudio zinazofanya kazi hiyohiyo.

Dawa yake ni kuikwepa mikisa. Kwenye Windows kuna WASAPI, njia ya Windows yenyewe ya kupitishia sauti, katika hali ya kipekee, iliyokuja na Vista mwaka 2007, na kuna ASIO iliyobuniwa na Steinberg kwa ajili ya studio. Ukichagua mojawapo, programu inamiliki DAC peke yake, kiwango cha sampuli kinabadilika kufuata wimbo, na mlio wa barua pepe hausikiki tena. Huo ukimya wa barua pepe, kwa kweli, ndiyo dalili ya kwanza kwamba umefanikiwa.

Swali la jita, yaani kuyumba kwa muda kati ya sampuli na sampuli, nalo huulizwa sana. DAC nyingi za USB za leo hutumia saa yake yenyewe na ndizo zinazoiambia kompyuta ilete data kwa kasi gani. Programu haiishiki saa hiyo. Zile zinazopakia wimbo mzima kwenye RAM kabla ya kucheza zinaweza kukuepusha na kukatikakatika kama diski yako ni ya polepole. Kwa kompyuta iliyo na afya, sioni zinachoongeza.

Sasa niziorodheshe, kuanzia ile ambayo ningemshauri mtu aanze nayo.

Ya kwanza: foobar2000

Ni ya bure, imetengenezwa na Peter Pawlowski tangu 2002, na imekaa kwenye kila kompyuta ya Windows niliyowahi kuitumia kwa muziki. Sura yake ni kavu, naelewa wanaoikimbia kwa sababu hiyo. Lakini matoleo ya sasa yanakuja na hali ya kipekee ya WASAPI tayari. Unafungua mipangilio, unaenda kwenye sehemu ya kifaa cha kutolea sauti, unachagua DAC yako katika hali hiyo, umemaliza. Ukitaka ASIO, unaongeza kijalizo, yaani kipande cha programu cha nyongeza.

Ninachoipendea zaidi ni unyoofu. Kwenye ukurasa wake wa maswali, wenyewe wanauliza kama foobar2000 ina sauti bora kuliko programu nyingine, na wenyewe wanajibu kwamba hapana. Bidhaa inayokwambia hivyo inastahili kuaminiwa kwenye mengine. Aidha inakupa kijalizo cha jaribio la ABX, ambalo nitalirudia, maana ndilo litakalokuokolea fedha kwa zote zinazofuata.

Kama unasikiliza kwa hedifoni au spika mbili, na maktaba yako iko kwenye diski, ishia hapa. Huna haja ya kulipa. Asiyeivumilia sura yake achukue MusicBee, nayo ya bure, inayopendeza macho na yenye WASAPI na ASIO vilevile.

Ya pili: JRiver Media Center

Hapa ndipo malipo yanapoanza kuwa na maana, kwa sababu tatizo kubwa la sauti nyumbani kwa mtu ni chumba. Kuta mbili zilizotazamana zinaweza kuivimbisha noti moja ya besi kwa desibeli 10 na kuimeza nyingine kabisa, na hakuna DAC wala waya utakaolirekebisha hilo. JRiver hufanya hesabu zake zote za sauti kwa biti 64, na ina injini ya konvolusheni, yaani ya kupitisha sauti kwenye filta ya marekebisho: unapima chumba kwa maikrofoni ya vipimo na programu ya bure ya Room EQ Wizard, unatengeneza filta, unaipakia ndani ya JRiver, na kila wimbo unapita humo.

Mara ya kwanza nilipoiwasha filta ya chumba changu nilikuwa nasikiliza wimbo wenye gitaa la besi likishuka ngazi taratibu. Kabla ya filta, noti ya tatu ilinguruma na ya tano ilitoweka, kana kwamba mpigaji ameisahau. Baada ya filta zote zilisikika kwa uzito mmoja, na ndipo nikajua mpigaji alikuwa anaburuza kidole kati ya noti hizo mbili. Tofauti ya namna hiyo haihitaji jaribio la kufumba macho. Mgeni asiyejali habari hizi aliisikia akiwa jikoni.

Tahadhari moja: unapotumia filta au ikwalaiza inayoongeza sehemu yoyote, shusha sauti ya jumla kwa kiasi hichohicho ndani ya programu, la sivyo vilele vitakatwa. Leseni yake ni ya kununua mara moja kwa toleo, inapatikana kwa Windows, Mac na Linux, na kuna kipindi cha majaribio. Mipangilio yake ni msitu. Tenga wikendi nzima.

Ya tatu: Audirvana

Kwa mwenye Mac, hii ningeiweka ya kwanza. Ni ya Kifaransa, ilianzia kwenye Mac kabla ya kuhamia Windows pia, na inaishika Core Audio barabara: inamiliki DAC peke yake na kubadilisha kiwango cha sampuli wimbo kwa wimbo bila wewe kufungua kidirisha cha mipangilio ya sauti kila unapobadilisha albamu. Inauzwa kwa sura mbili. Studio ni ya ada ya kila mara na inaunganisha huduma za muziki wa mtandaoni. Origin unainunua mara moja na inacheza faili zako mwenyewe. Mwenye maktaba yake achukue Origin. Ile sehemu yake ya kusitisha kazi za nyuma za kompyuta wakati muziki unacheza haijawahi kunionyesha tofauti kwenye vipimo, lakini haidhuru.

Ya nne: Roon

Naiweka ya nne katika orodha ya sauti, ingawa kwa raha ya kutumia ningeiweka ya kwanza. Ilitoka mwaka 2015, na tangu 2023 iko chini ya kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman. Inachukua albamu zako pamoja na zile za huduma za mtandaoni za Tidal na Qobuz, inazifunga kwa wanamuziki, watunzi na warekodi, hivyo ukimgusa mpiga ngoma wa wimbo mmoja unafika kwenye albamu nyingine aliyoipiga ambayo hukujua unayo. Inapeleka muziki chumba hadi chumba kupitia mtandao wa nyumbani.

Kwa upande wa sauti ina jambo moja ambalo natamani wote wangeliiga: ukibonyeza kitaa kidogo kando ya jina la wimbo, inakuonyesha njia nzima kutoka faili hadi DAC, hatua kwa hatua. Zambarau maana yake hakuna kilichobadilishwa. Ina filta na konvolusheni pia. Lakini inahitaji kompyuta ya kukaa imewashwa kama seva, na ndiyo ghali kuliko zote nilizozitaja. Usiinunue ukitegemea sauti ipande. Inunue kama una maelfu ya albamu na umechoka kuzitafuta.

Ya tano: HQPlayer

Kutoka Finland, kazi ya Signalyst. Haina nia ya kupeleka biti zilezile; inazigeuza kwa makusudi, ikipandisha sampuli mara nyingi au kuigeuza PCM (muundo wa kawaida wa sauti ya tarakimu) kuwa DSD (muundo wa biti moja unaokwenda kwa kasi kubwa sana), kwa filta ambazo wewe unazichagua kutoka orodha ndefu. Wazo ni kwamba kompyuta yenye nguvu itafanya kazi ya filta vizuri kuliko chipu ndogo ndani ya DAC. Kwa DAC zisizo na filta yake zenyewe wazo hilo lina mashiko, na tofauti inapimika. Kwa DAC ya kisasa yenye chipu nzuri, mimi nimeisikia mara chache sana, tena kwenye nyimbo zilezile. Viwango vya juu vya DSD huitoa prosesa jasho, na feni ikianza kuvuma umeshapoteza ulichokitafuta. Ni ya mtu aliyemaliza mengine yote.

Mwenye Linux hana sababu ya kulipa: MPD, programu ya bure ya kuchezea muziki, ikielekezwa moja kwa moja kwenye kifaa cha ALSA (mfumo wa sauti wa msingi wa Linux) inapeleka biti bila kuzigusa, na Strawberry, programu nyingine inayojitegemea, inakupa dirisha zuri la kuchagulia nyimbo.

Jinsi ya kujiamulia

Usinunue kabla ya kufanya hivi. Rekodi kinachotoka kwenye programu uliyo nayo na kwenye ile unayoitamani, wimbo uleule, kiwango kilekile cha sampuli. Sawazisha ukubwa wa sauti hadi tofauti iwe chini ya desibeli 0.1, kwa macho na kipimo, maana kwa sikio hutaweza. Pakia faili hizo mbili kwenye foobar2000, fungua ABX. Itakuchezea A, B na X, nawe useme X ni ipi kati ya hizo mbili. Fanya mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano kwamba ulibahatisha uko chini ya asilimia 4, na hapo una haki ya kusema unasikia kitu. Pumzika katikati, masikio huchoka.

Njia ya haraka zaidi ni kugeuza faili moja juu chini ndani ya Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, kuilinganisha na nyingine sampuli kwa sampuli, kisha kuzijumlisha. Zikiwa sawa, kinachobaki ni mstari ulionyooka, kimya kabisa.

Na kuhusu kitelezi cha sauti ndani ya programu, ambacho wengi wanaogopa kukigusa: faili ya biti 16 ikienda kwenye DAC ya biti 24 ina nafasi ya biti 8 za ziada, na kila biti ni takriban desibeli 6. Unaweza kushusha hadi desibeli 48 kabla hujaanza kupoteza chochote cha faili. Kishushe bila hofu.