Nililipa ushuru wa nyumba kwa akiba ya uzeeni: nilivyoitumia HBP, mpango wa Kanada wa kutoa akiba hiyo ili ununue nyumba

Wiki tatu kabla ya kukabidhiwa funguo, wakili alinipigia nikiwa kazini. Nilikuwa nimetoka kumlisha bibi mmoja wa chumba cha pembeni, nikajificha kwenye ngazi za dharura nimsikilize. Aliuliza swali moja tu: ushuru wa kuhamisha umiliki utaulipa kutoka wapi? Dola 7,675, zote siku ya kukabidhiana, na benki haziingizi kwenye mkopo.

Nilikuwa nimehesabu malipo ya awali peke yake. Nyumba yenyewe ni ndogo, imegawana ukuta na jirani, iko Hamilton, mkoa wa Ontario, juu mlimani, bei dola 560,000. Kiwango cha chini cha malipo ya awali kwa bei hiyo ni dola 31,000: asilimia 5 ya zile 500,000 za mwanzo, na asilimia 10 ya zinazozidi hapo. Nilikuwa na 20,000 benki, na 11,000 nilipanga kuzitoa kwenye RRSP, ile akiba ya uzeeni ninayokatwa kila mshahara na mwajiri akaniongezea. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimemaliza.

Kuhusu ushuru nilikuwa nimetulia, kwa sababu kila mtu aliniambia Ontario humrudishia mnunuzi wa mara ya kwanza hadi dola 4,000. Ni kweli humrudishia. Lakini wakili akaendelea: umewahi kumiliki nyumba, au sehemu ya nyumba, popote duniani? Hapo nikanyamaza. Baba alipofariki, nyumba yake ya Muheza iliandikwa majina yetu watoto watatu. Tangu msiba sijalala humo hata usiku mmoja, anakaa kaka yangu na familia yake, wala sijawahi kudai senti ya pango. Lakini jina langu limo, na sheria ya Ontario haijali kama ulinunua, ulipewa au ulirithi. Zile 4,000 zikaondoka. Naliandika hili kwa mkazo kwa sababu sisi wa Afrika Mashariki wengi tuna majina kwenye nyumba za wazazi na hatuzihesabu kama mali yetu. Usijaze fomu ukasema hujawahi kumiliki. Mwambie wakili ukweli mapema, uanze kutafuta pesa mapema.

Ndipo nikaigeukia HBP kwa macho mengine. Huu ni mpango wa serikali kuu unaomruhusu mnunuzi kutoa kwenye RRSP yake hadi dola 60,000 bila kukatwa kodi ya mapato. Zamani kikomo kilikuwa 35,000. Kilipandishwa Aprili 2024, miezi michache tu kabla yangu. Kilichoniokoa ni kwamba wao wanauliza swali tofauti na la Ontario. Hawaulizi kama uliwahi kumiliki. Wanauliza kama katika miaka minne iliyopita uliishi kwenye nyumba yako au ya mwenzi wako. Mimi ni mpangaji tangu nifike Kanada 2017. Nyumba ya Muheza haikunizuia.

Likabaki swali la matumizi. Dada mmoja wa kazini, ambaye alinunua kabla yangu na namheshimu sana, aliapa kwamba pesa ya HBP ni ya malipo ya awali tu, ukilipia ushuru umevunja sheria. Sikulala vizuri. Kesho yake nikapiga simu Mamlaka ya Mapato, nikasubiri kwenye laini karibu saa nzima, na jibu likaja kwa sentensi mbili: wanachoangalia ni kama wewe na nyumba mmetimiza masharti. Ukishatimiza, hawakufuatilii kila dola imekwenda wapi. Nikapandisha ombi langu kutoka 11,000 hadi 24,000.

Fomu inaitwa T1036. Sehemu ya kwanza unajaza wewe, ya pili anajaza anayekutunzia akiba, na maswali yake mtu anayasoma akaelewa bila kusaidiwa. Tatizo nililipata kwa karani wa benki. Aliweka ombi langu kama utoaji wa kawaida, na kwa kiasi kinachozidi dola 15,000 huku kwetu hukatwa asilimia 30 papo hapo. Niliona kwenye kioo cha kompyuta yake: pangekatwa 7,200. Nikamwomba asimame, nikamwonyesha T1036 iliyokuwa mezani pake muda wote. Alirekebisha na kuomba radhi, na pesa ikaingia nzima baada ya siku sita. Kama ningekuwa mtu wa kusaini bila kusoma, siku ya funguo ningefika mikono mitupu.

Katika zile 24,000, elfu 11 zilikamilisha malipo ya awali na 7,675 zikalipa ushuru. Dola 1,692.80 zikaenda kwenye jambo lingine ambalo hakuna aliyenitajia: bima ya mkopo, ile inayomlinda mkopeshaji ukishindwa kulipa, unaweza kuiongeza kwenye mkopo, ila kodi ya Ontario juu ya bima hiyo, asilimia 8, unailipa taslimu. Zilizobaki zikamlipa wakili na gari la kuhamisha vitu. Anayenunua Toronto ajiandae zaidi, kwa sababu jiji lile lina ushuru wake juu ya ule wa mkoa. Kwa bei kama yangu, zote mbili pamoja zingekuwa 15,350 kabla ya kurudishiwa chochote.

Naipa HBP nyota nne. Moja naipunguza kwa sababu hii ni pesa yangu ya uzeeni, na 13,000 kati yake zimekwenda kwenye gharama ambazo haziongezi hata tofali moja. Nina miaka 41. Zingebaki zingekuwa zinazaa, na inaniuma. Anayeanza leo afungue kwanza FHSA, ile akaunti ya nyumba iliyoanza 2023: unaweka hadi 8,000 kwa mwaka, na ukinunua hurudishi kitu. Mimi nilichelewa kuijua. Na ukiweka pesa kwenye RRSP, iache ikae siku 90 kabla ya kuigusa, la sivyo unaweza kupoteza nafuu ya kodi uliyoitegemea.

Marejesho ni miaka 15. Kwangu ni 1,600 kwa mwaka, na mwaka usiporudisha, kiasi hicho kinaongezwa kwenye mapato yako na kutozwa kodi. Kwa kawaida unaanza mwaka wa pili, lakini sisi tuliotoa kati ya 2022 na mwisho wa 2025 tumepewa nafasi hadi mwaka wa tano, kwa hiyo nitaanza 2029. Sitaki kusubiri. Kila mshahara wa wiki mbili naweka pembeni dola 62, na Jedwali la 7 la fomu ya kodi, panapoandikwa kwamba hayo ni marejesho, nimeshamwomba anayenijazia anionyeshe mstari wenyewe kwa kidole.