Programu inayotaka utabasamu ndipo ikuamini: uzoefu wangu

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu mfumo hauruhusu kuweka sifuri.

Rangi za programu hii ya fedha, kasi yake na huduma ilizo nazo mtajionea wenyewe. Mimi nina neno moja tu, nalo ni uhakiki wa uso. Ukibadilisha simu, linatokea duara kwenye kioo, unaambiwa uweke uso ndani yake, halafu amri zinaanza. Pepesa macho. Tabasamu. Inua nyusi. Ukitii, akaunti inafunguka. Usipotii, kwao wewe si mtu hai, au ni mwizi aliyeshika picha ya mtu.

Sasa mimi amri hizo zilinikuta upande mzima wa kushoto wa uso wangu umepooza.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka, sikumbuki vizuri wiki gani. Niliamka, nikasukutua, maji yakamwagika yenyewe kwenye pembe ya mdomo. Kila aliyeniona alisema kiharusi. Daktari aliniambia nikunje paji la uso. Upande wa kulia ukakunjika, wa kushoto ukabaki laini kama karatasi mpya, naye akapumua. Alinieleza kwamba misuli ya paji hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi cha kawaida hulegeza mdomo lakini paji huendelea kukunjika. Likinyamaza na paji lenyewe, mara nyingi shida ipo kwenye neva ya saba, ile inayoendesha misuli ya uso, baada ya kutoka kwenye ubongo. Neva hiyo hupita kwenye mfereji mwembamba ndani ya mfupa nyuma ya sikio, na ikivimba humo haina pa kutanukia. Akanikagua sikio kutafuta vipele, maana mkanda wa jeshi nao huweza kuishika neva hiyohiyo. Havikuwepo. Basi, kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, daktari wa upasuaji wa Scotland aliyeandika kuhusu neva za uso mwaka 1821. Nikapewa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, siku hiyohiyo, kwa sababu dawa hiyo inatakiwa ianze ndani ya saa 72.

Nayaeleza haya kwa sababu nina hakika aliyebuni zile amri hajawahi hata kujiuliza nani anaweza kuzitii. Neva ya saba ikishatoka kwenye mfupa chini ya sikio, inapenya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio na kugawanyika matawi matano: la paji na nyusi, la jicho, la shavu, la taya na la shingo. Karibu kila kitu tunachokiita sura ya mtu, kucheka, kununa, kushangaa, kubeua mdomo, kinapita kwenye uzi huo mmoja kila upande. Sasa tazameni orodha yao. Pepesa ni tawi la jicho. Inua nyusi ni tawi la paji. Tabasamu ni shavu na jicho kwa pamoja. Kama wangekaa kikao kutafuta mtihani wa kumfelisha mgonjwa wa neva ya saba, wasingepata bora kuliko huu!

Tuanze na pepesa. Watu hudhani jicho la uso uliopooza hulala, kumbe hukodoa. Kope la juu huinuliwa na neva ya tatu, na hiyo kwangu ilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni ule msuli wa mviringo unaozunguka jicho na kulifumba. Kwa hiyo anayefungua yupo, anayefunga hayupo. Nikijitahidi kufumba, mboni inapanda juu na kubaki weupe mtupu. Nalo ni jambo la kawaida, lina hadi jina la huyohuyo Bell, lakini kwenye kioo cha simu linatisha. Mimi mwenyewe nilishtuka. Programu haikushtuka. Iliandika: "Hatujaona ukipepesa. Jaribu tena."

Nikajaribu tena. Jicho linauma, limekauka, maana machozi bila kope ya kuyasambaza hayasaidii kitu. Nilikuwa naweka matone mchana kutwa na usiku nalifunga kwa plasta. Na hawa wananiambia nilitazame duara lao linalong'aa bila kusogea.

Halafu ule mlio. Kila ukishindwa, programu inapiga mlio mkali. Ndani ya sikio la kati kuna msuli mdogo kuliko misuli yote ya mifupa mwilini, kazi yake kukishika kile kifupa cha mwisho kisitikisike kupita kiasi sauti ikiwa kubwa. Na huo pia hutumikiwa na neva ya saba. Ukilegea, sauti zinakuingia bila breki. Kijiko kikianguka nilikuwa naruka. Kwa hiyo hawakunikataa tu, walinikataa kwa kunipigia sikio lilelile lililo upande mbovu. Nimetafuta mahali pa kuzima mlio huo. Hakuna.

Tabasamu ndiyo ilinimaliza. Upande mmoja unapokosa nguvu, ule mzima hauna wa kuvutana naye, hivyo unauburuta mdomo wote kwake. Hutabasamu, unakenua upande mmoja kama mtu anayedharau. Niliiona sura hiyo ndani ya duara, na chini yake maneno: "Tabasamu kwa uhalisia zaidi." Uhalisia! Hapo niliitupa simu kitandani.

Nikapiga laini ya huduma kwa wateja, na hapa ndipo hasira yangu yote ilipo, hata kuliko kwenye mashine. Mashine haina akili, tuiache. Alipokea kijana mmoja, sauti ya kunyenyekea, "Karibu ndugu mteja." Nikaanza kueleza. Lakini midomo iliyopooza haibanani, na sauti zinazotaka midomo ibanane, p, b, m, ndizo zinazoteseka zaidi, huku hewa ikitorokea pembeni. Nilikuwa nasikika mzito, najua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole uleule, "Ndugu mteja, naomba ukapumzike kwanza. Ikikutoka kichwani, utupigie tena." Akakata.

Ikikutoka kichwani. Mimi pombe sigusi, na hata ningekuwa nagusa, ni akaunti yangu.

Nikapiga tena, nikijishikia shavu kwa kidole ili maneno yanyooke. (Mbinu hiyo inafanya kazi, mwenye tatizo hili aijaribu: ukiinua pembe ya mdomo kwa kidole, p inasikika p.) Nikapata mwingine. Huyu alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Pole sana kaka. Basi tusubiri upone, halafu utafanya uhakiki kama kawaida."

Tusubiri hadi lini? Kuna utafiti mkubwa wa Copenhagen uliofuatilia wagonjwa wa Bell wasiopewa dawa yoyote, na karibu 71 katika kila 100 walirudi kuwa wazima kabisa. Utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika waliopewa prednisoloni mapema, 83 katika 100 walikuwa wamepona baada ya miezi mitatu, na wasiopewa karibu 64. Takwimu hizo zilinitia moyo sana nilipokuwa nalala. Lakini ukizisoma kwa jicho la mtu ambaye fedha zake zimefungiwa, miezi mitatu ni mingi, na wale 17 waliosalia hakuna aliyewaambia waende wapi. Na msiniambie ugonjwa huu ni wa nadra. Hukadiriwa kuwapata watu 15 hadi 30 katika kila 100,000 kwa mwaka. Programu yenye wateja milioni moja itarajie 150 hadi 300 kila mwaka, achilia mbali wenye kiharusi, waliofanyiwa upasuaji wa tezi ya mate, na waliozaliwa hivyo.

Daktari wangu alikuwa na ngazi sita za kupima uso, zinaitwa House-Brackmann tangu 1985, moja ni mzima na sita hakuna kinachocheza. Mimi alinipa ya tano. Programu ina ngazi mbili, umepita au umeshindwa.

Sasa nitawashangaza, maana nusura nifute yote haya na kuweka nyota nne. Siku moja, nikiwa natafuta namna ya kufunga akaunti kabisa, niliona chini kabisa ya ukurasa wa msaada, kwa maandishi ya kijivu juu ya kijivu, "uhakiki kwa simu ya video." Nikabonyeza. Akatokea dada mmoja. Nikafungua mdomo kuanza hadithi yangu, akaniwahi: "Usihangaike kutabasamu, kaka. Geuza tu kichwa kulia. Haya, kushoto. Nionyeshe kitambulisho. Nisomee hizi namba, hata pole pole." Kwisha! Kugeuza kichwa ni kazi ya misuli ya shingo inayotumikiwa na neva ya 11, haihusiani kabisa na ya saba. Sijui kama alijua hilo au alitumia tu akili ya kuzaliwa. Kama kuna bosi wake anasoma hapa, ampandishe cheo. Alimtazama mtu, akamwona. Akanipiga picha mpya, akaunti ikafunguka, nikakaa nikacheka peke yangu, upande mmoja.

Kwa hiyo nilikuwa nyota nne, kwa moyo mkunjufu. Nilishaanza hata kuwasifu kwa watu.

Kumbe ile picha mpya ndiyo ikawa sura yangu rasmi. Wiki zikapita, uso ukaanza kurudi, kwanza mtetemo kidogo kwenye shavu, baadaye kope. Mdomo ukanyooka. Watu wananipongeza. Siku programu ilipotaka uhakiki tena, ikanipima na picha ile ya uso uliopinda, ikaniambia sifanani na mwenye akaunti. Nilifeli kwa kuumwa, sasa nafeli kwa kupona.

Na kupona kwenyewe si kama mnavyodhani. Nyuzi za neva zilizoharibika huota upya kidogo kidogo, inakadiriwa milimita moja kwa siku, na nyingine hupotea njia. Uzi uliokuwa wa mdomo unaweza kuishia kwenye jicho. Mpaka leo nikitabasamu, jicho la kushoto linafumba lenyewe. Nikifumba macho kwa nguvu, pembe ya mdomo inavutwa. Mtaalamu wa viungo ananifundisha mbele ya kioo kuvitenganisha, taratibu, mwendo mdogo mdogo bila kukaza. Tena alinikataza kulazimisha sura kwa nguvu, kwa kuwa unaweza kuizoesha misuli kucheza pamoja. Na nadhani mnajua amri iliyofuata. "Tabasamu huku macho yakiwa wazi."

Nilizima simu kabla ya ule mlio.

Lile chaguo la video nikalitafuta, halipo tena. Wamesasisha programu, wameiremba, wameliondoa. Kwa hiyo nyota zangu nne zikashuka hadi moja hapohapo, na kama nilivyosema, sifuri ingewekwa.

Nikapiga laini. Na nani akapokea? Kijana yule wa kwanza, ile sauti ya "Karibu ndugu mteja" siwezi kuisahau. Yeye hakunikumbuka. Nikaeleza kwamba uhakiki wa uso unanikataa. Akaniuliza maswali ya usalama, nikamjibu, akafungua akaunti kwa upande wake, haikuchukua muda. "Kuna lingine ninaloweza kukusaidia, kaka?"

Lipo. Alikuwa na uwezo wa kuifungua tangu mwanzo? Maswali yaleyale ningemjibu siku ile, majibu yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba sasa p yangu inasikika p. Nilimuuliza hivyo. Akasema huenda siku ile "mtandao haukuwa mzuri."

Haya, hukumu yangu. Fedha zangu hazijawahi kupotea humo, lazima niseme ukweli, na siku uso ukiwa mzima programu inafanya kazi vizuri tu. Bado naitumia. Ila kama una tatizo lolote la uso, au unatarajia kubadilisha simu ukiwa unaumwa, fanya uhakiki ukiwa bado na simu ya zamani, na uombe kwa maandishi waweke kumbukumbu kwenye akaunti yako kwamba huwezi kupepesa wala kutabasamu. Mimi wameniwekea baada ya kulalamika sana, ingawa sijui kama kuna anayeisoma.

Nyota mbili. Ya pili ni ya yule dada wa video, si ya programu, na ningeweza ningempelekea mwenyewe. Wakirudisha kile kitufe, kwa maandishi yanayoonekana safari hii, nitakuja kuongeza. Wakizima na ule mlio, nitaongeza nyingine.