Nililipa mimi, ufunguo akapewa ndugu yangu

Gari halina shida. Naliweka hilo mbele ili mtu asije akadhani naandika kwa sababu niliuziwa mkweche. Linawaka mara moja, gia zinaingia bila kushtua, na fundi wangu wa gereji za Grogan, ambaye hasifu kitu ovyo, alilala chini yake akatoka bila neno baya. Kama unachotaka ni gari tu, yadi ile niliyolinunua inayo mazuri, na bei si mbaya ukilinganisha na yadi nyingine za Barabara ya Ngong hapa Nairobi. Lakini mimi sikuchukuliwa kama mteja pale, na sitanyamaza.

Nilikwenda na ndugu yangu mdogo. Yuko chuo, hana leseni, na magari hayamvutii kabisa. Alinisindikiza kwa sababu mama hakutaka nizunguke peke yangu na mambo ya pesa nyingi. Muuzaji alitupokea langoni, akampa mkono, "Karibu bosi!" Mimi nikaambiwa "Mambo sista" wakati wameshaanza kutembea. Nikauliza gari limetembea kilomita ngapi, akamjibu yeye. Nikaomba kuona karatasi ya mnada ya Japani. Wanaonunua magari haya wanaijua: ndiyo inayoonyesha alama ambazo mkaguzi alilipatia gari kule, mikwaruzo iko wapi, na ukikuta R ujue liliwahi kugongwa likatengenezwa. Ukisoma kilomita kwenye dashibodi peke yake utaibiwa, maana zinarudishwa nyuma. Ni swali ambalo mnunuzi yeyote mwenye akili anauliza. Yule bwana akacheka, akamgeukia ndugu yangu: "Bosi, madamu amesoma sana mitandaoni."

Ndugu yangu akamwambia wazi, "Anayenunua ni yeye." Haikusaidia. Mimi niliulizwa kama rangi nimeipenda. Bei ikaenda kuzungumzwa na kijana aliyekuwa na nauli ya matatu tu mfukoni.

Mtauliza mbona sikuondoka. Gari la aina hiyo nilikuwa nimelitafuta muda mrefu, na mkopo wa sacco ulikuwa umeshaingia. Wanaoweka akiba sacco wanajua hesabu yake: unakopeshwa hadi mara 3 ya ulichoweka, kwa hiyo kabla ya kuzungumza habari ya gari umeshakatwa mshahara miaka na miaka. Wenzangu kazini walinidhamini, na akiba zao zimeshikiliwa mpaka nimalize kulipa. Pesa ile ilikuwa na majina ya watu wengi ndani yake. Jina la mwanamume wa kunisemea halikuwemo, na wala halikuhitajika.

Sasa lazima niseme haki. Ofisini nilihudumiwa vizuri mno. Dada aliyekuwa kwenye meza alinitazama mimi machoni, akavuta faili, akanitolea ile karatasi ya mnada bila hata kuniuliza naitakia nini, akanionyesha kwa kidole mkwaruzo wa mlango wa nyuma uliokuwa umeandikwa pale. Namba ya chasisi tukailinganisha pamoja. Akaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nikiwa nimekaa palepale, nikakubali kwa simu yangu, kwa jina langu, akanisisitiza nisitoke na karatasi ya makubaliano peke yake nikadhani nimemaliza. Yadi ngapi zinakufanyia hivyo? Wangapi wanahangaikia hati miezi na miezi huku muuzaji hashiki simu? Nilitoka mle moyo umetulia, na ningeulizwa dakika ile ningewapa nyota nne.

Halafu ukaja ufunguo.

Gari lilikuwa limeoshwa, limegeuzwa kutazama lango. Muuzaji amesimama mbele yake na ufunguo. Nikanyoosha mkono. Akaupita mkono wangu, akampa ndugu yangu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, "Hongera sana bosi." Ndugu yangu akabaki ameushika mbali na mwili wake kama chungu cha moto. Kabla hajanipa, yule bwana ameshatoa simu: bosi asimame mlangoni kwa dereva, "sista sogea kidogo upande huu." Akapiga picha. Jioni nikaiona kwenye ukurasa wao wa Facebook, na pongezi kwa mteja wao mpya. Mteja ni ndugu yangu. Mimi nimeonekana bega na nusu ya mkoba.

Niliwaandikia waibadilishe. Wakanijibu kwamba wanashukuru kwa kuwachagua.

Bado kuna redio. Redio nyingi za magari ya Japani zinaishia kwenye masafa ya karibu 90 FM, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Radio Citizen hapa Nairobi iko 106.7. Waliahidi kuniwekea kidude cha kubadilisha masafa, ni kitu cha bei ndogo sana, wala nisingegombana na mtu kwa sababu yake. Nikapiga simu kukumbusha. Akapokea yuleyule, akaniambia, "Mwambie mzee alilete gari wiki hii." Mzee gani? Jina langu liko kwenye makubaliano, kwenye risiti, na kwenye hati.

Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba mwende lakini mumtafute yule dada wa ofisini. Siwezi. Ukifika langoni hutampata yeye kwanza, utampata huyu, na mwenye yadi amemweka pale akijua anavyopokea watu, maana picha zimejaa ukurasani na akina mama wamesimama pembeni ya magari waliyoyalipia. Nimezipitia zote usiku mmoja kwa hasira. Nyota moja. Dada yule anastahili tano na mwajiri mwingine.

Picha bado ipo. Iondoeni, au mwandike aliyenunua ni nani.