Adhabu za kodi California: msamaha wa mara moja au sababu ya msingi?

Ukidaiwa kodi ya mapato na jimbo la California, adhabu za kuchelewa unaweza kuzipinga kwa njia mbili. Msamaha wa mara moja ndio mwepesi: unajaza fomu FTB 2918 (FTB ni Franchise Tax Board, idara ya kodi ya mapato ya jimbo), au unapiga simu tu, na hakuna anayekuuliza kwa nini ulichelewa. Ila mlango wake mwembamba. Unahusu mwaka wa kodi wa 2022 na kuendelea, ritani zote (fomu za kutangaza mapato) ziwe zimewasilishwa, na kodi yenyewe iwe imelipwa au unailipa kwa awamu.

Deni la 2015? Umebakiwa na sababu ya msingi, fomu FTB 2917. Hii ina jasho. Utaeleza ugonjwa, msiba au nyumba iliyoungua, tarehe zioane na siku uliyotakiwa kulipa, na vyeti uviambatanishe. “Sikuwa na hela” peke yake haitoshi. Tena ni dai la kurudishiwa, kwa hiyo unatoa kwanza ndipo unalalamika.

Riba ndiyo inayouma: riba juu ya riba, kila siku, na njia zote mbili haziigusi riba ya kodi yenyewe. Kungoja deni lizeeke? Jimbo lina miaka 20 ya kulidai.