Omeka S kwa kuhifadhi kazi za wanafunzi wa sanaa: uzoefu wangu

Kazi za mwisho za wanafunzi wa sanaa hazina maisha marefu. Maonyesho yakifungwa, kazi ya usanikishaji, iliyopangwa ikajaza chumba kizima, inabomolewa, michoro inaondoka na wenyewe, na video zinabaki kwenye diski ya mtu aliyekwisha hitimu. Mimi ndiye ninayetunza kumbukumbu za kazi hizo chuoni, na chombo ninachotumia ni Omeka S, programu ya kutunza na kuonyesha makusanyo mtandaoni. Kama shida yako ni ukurasa wa kuvutia wa wiki ya mahafali tu, njia nyepesi zipo. Hii utaishukuru baadaye, mtu atakapokuja kuulizia kazi ya miaka ya nyuma na wewe humkumbuki hata aliyeifanya.

Ni programu huria yenye leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha. Omeka ya kwanza ilitoka 2008 katika kituo cha Roy Rosenzweig, Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Omeka S ikafuata 2017. Inataka seva ya Linux yenye Apache (programu ya kuhudumia tovuti), lugha ya PHP, na hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Aliyewahi kusimika WordPress, programu ya kuendesha tovuti, mwenyewe hatahangaika. Wengine watafute fundi.

Kilichonifanya niipende ni violezo, yaani fomu za maelezo unazozipanga mwenyewe. Kwa kila aina ya kazi unaamua mwanafunzi ajaze nini, kipi ni lazima, na kila sehemu iitwe jina gani. Msingi wake ni Dublin Core, kanuni za maelezo zilizobuniwa kwa nyaraka, si kwa sanaa, na hilo linaonekana: onyesho la jukwaani la watu watano, muumba wake nani? Hata hivyo kuna sehemu ya mali ghafi iliyotumika na nyingine ya vipimo, na ile ya mchangiaji sisi tumeiandika "mwalimu msimamizi". Inatosha. Kazi moja hubeba faili nyingi, kwa hiyo nawadai pia michoro ya awali na majaribio yaliyotupwa. Wanaokuja kutafuta humo huanza na hayo kabla ya picha ya mwisho.

Wanafunzi nawapa ngazi ya mwandishi: wanapakia na kuhariri vyao, vya wenzao hawavigusi. Kazi inakaa faragha hadi niipitie. Kila mwaka una tovuti yake, ila rekodi zote zimo kwenye hifadhidata moja.

Video ndipo penye kazi. Omeka S inapokea faili kama ilivyo. Haiipunguzi wala haitengenezi matoleo ya mtandao wa polepole. Weka nakala ndogo, ile kubwa itunze kwingine. Kazi za kubofya, zile zinazomjibu mtazamaji kwenye skrini, ni ngumu zaidi, na hapo Omeka S si ya kulaumiwa. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa Flash, teknolojia ya kampuni ya Adobe, nayo Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Faili za zamani bado tunazo, ila kivinjari cha kawaida hakizifungui. Siku hizi kazi kama hiyo siipokei bila msimbo wake na video ya skrini inayoonyesha ikitumika.

Na leseni, jamani. Wanafunzi huchagua Creative Commons, leseni za kuwaruhusu wengine watumie kazi yako, kama wanavyokubali masharti ya programu ya simu, bila kusoma. Ukishaitoa kazi chini ya leseni hiyo, aliyeipata huwezi kumnyang'anya ruhusa. Mwenye ndoto ya kuuza chapa za michoro yake alifikirie hilo kabla ya kubonyeza.

Siku mkitaka kuhama, rekodi zinatoka kupitia API (njia ya programu nyingine kusoma data) kwa JSON-LD, muundo wa maandishi unaosomeka na kompyuta, zikiwa na sehemu zote mlizojaza. Faili zenyewe zimo kwenye folda ya files/original, lakini majina yake yamegeuzwa kuwa misururu ya herufi na namba. Jina la asili limo ndani ya rekodi, basi msinakili folda peke yake mkadhani mmehama.